Mdogo wangu aliumia kichwa, yeye anasema ni mzima kabisa. Mnapimaje kama mtu anajijua hali yake?

DadaWaChikongola

Salaam jamani, wa kusini na wa kwingine. Naandika hapa mana nyumbani hatuelewani tena.

Mdogo wangu wa mwisho, miaka 27, alikua boda hapa Mtwara mjini. Mwezi wa nne kaanguka kwenye mteremko wa Mikindani usiku, helmeti hana, alimwazima mwenzie (msinianze na hilo, tumeshalia nalo sana). Alilala hajitambui siku kadhaa, akapelekwa MOI Dar, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wakamfungua kichwa wakatoa damu iliyoganda, karudi nyumbani anatembea. Sasa ni miezi saba tangu aanguke. Anakula, anaoga mwenyewe, anabishana mpira barazani, kama hujui lile kovu pembeni ya kichwa huwezi kusema huyu aliumwa.

Shida ni hii. Juzi nimemtuma sokoni nyanya, sabuni ya kipande na dagaa. Karudi na nyanya. Nikamwambia mbona nyanya tu, akasema ndo ulizonituma, nikasema hapana, nikamrudisha, karudi tena na nyanya!! Yani nyanya juu ya nyanya, tumekula mchuzi wa nyanya siku mbili. Ukimwambia umesahau anakwambia hamkuniambia. Kila kitu hamkuniambia. Msibani kwa jirani kacheka kwa sauti wakati maiti inatoka. Mama kampa uji umepoa kidogo, kikombe kikapaa ukutani, na huyu alikua mtoto mpole kuliko sote, mwulizeni mtu yeyote mtaani.

Tukienda kliniki daktari anauliza unaendeleaje, anajibu niko poa dokta namshukuru Mungu. Kumbukumbu? Iko poa. Hasira? Hapana, mi mtu wa amani. Mi nimekaa pembeni nataka kupasuka. Dakika tano tumemaliza, kaandikiwa anaendelea vizuri, vidonge vya kichwa, tuonane baada ya miezi mitatu.

Sasa msimu wa korosho ndo huu, hela ipo barabarani, anadai pikipiki yake. Baba anasema si daktari kasema mzima, mpeni. Shangazi anasema ni kiburi. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Mi nasema huyu HAJUI kwamba hajapona, ila sina cha kuonyesha. Kuna kipimo cha hicho kitu? Siti skani itaonyesha? Au mi ndo mwenye matatizo?

Mzee_wa_Salfa

Mama hicho ni kiburi tu, vijana wa boda nawajua mi ninao wawili. Mpeleke shamba Tandahimba akaokote korosho wiki mbili kuanzia alfajiri, atajijua. Siku hizi kila tabia mbaya inatafutiwa jina la hospitali.

Somoe_wa_Mtanda

Dada pole sana. Kwetu haikua ajali, ilikua kiharusi cha mama, huku Lindi, ila nimesoma hapo nikaona ni kitu kilekile kimevaa nguo nyingine.

Mama alipooza upande wa kushoto, mkono na mguu. Siku ya tatu wodini nesi akamwambia mama nyanyua mkono wa kulia, akanyanyua. Haya nyanyua wa kushoto. Mkono umelala pale juu ya shuka hautikisiki hata kidole, mama anamtazama nesi machoni anasema nimenyanyua. Nesi akauliza tena, umenyanyua? Akasema we huoni? Mi nikaushika ule mkono nikamwekea kifuani nikamwuliza mama huu wa nani, akauangalia vizuriii kama mtu anakagua kanga dukani, akasema ni wa kwako Somoe, utoe kitandani kwangu nimechoka kubanwa.

Mama yangu ni mtu wa swala tano, hajawahi kunidanganya hata bei ya samaki. Alikua haongopi. Kwake yeye ule mkono ulinyanyuka. Baada ya wiki kama tatu hivi ikaanza kupungua yenyewe, siku moja tu akasema mkono wangu huu umekufa eh, akalia, na sisi tukalia. Kwaiyo Mzee wa Salfa shikamoo, lakini kiburi cha mtu kukataa mkono wake mwenyewe mi sijawahi kukiona.

Utengamao_Kusini

Nimeona huu uzi nikaacha chai yangu. Nafanya kazi ya utengamao, yani kumsaidia aliyeumia arudi kwenye shughuli zake, huku kusini, hospitali siitaji mana hapa siongei kwa niaba ya mtu. Nitaandika ndefu mnivumilie.

Alichokisimulia Somoe kina jina, anosognosia. Aliyelitunga ni Babinski, daktari wa mishipa ya fahamu wa Paris, mwaka 1914, baada ya kuona wagonjwa waliopooza upande wa kushoto wasiojua kwamba wamepooza. Kabla yake kuna Anton aliyeandika juu ya watu waliopofuka kwa ugonjwa wa ubongo na wanasema wanaona, wanagonga meza wanalaumu taa hafifu. Kwaiyo si kitu kipya na wala si cha Mtwara. Kwa walioumia kichwa kwa ajali mara nyingi haiji kwa ukali wa "mkono si wangu", inakuja kwa ulaini, kama huyu kijana. Atakubali vya mwilini kirahisi, mwulize utaona, atasema kichwa kinauma jua likiwa kali, mguu unachoka. Ila kumbukumbu, hasira, maamuzi, namna ya kukaa na watu, hapo ndo haoni kitu, na ndo hapohapo nyumba inapowaka moto.

Siti skani: itaonyesha kidonda kiko wapi. Ubongo wa mbele nyuma ya paji la uso ukiumia, au upande wa kulia, tunakua na wasiwasi zaidi. Lakini picha haisemi anajijua au hajijui. Nimeshaona wenye picha mbaya wanaojijua vizuri tu, na kinyume chake.

Sasa kipimo. Kwanza niseme kitu kinachoniudhi kila siku. Sisi Waswahili ukimwuliza mtu hujambo atakwambia sijambo hata kama ana drip mkononi. "Habari?" "Nzuri, ila mtoto kafariki." Ndo adabu yetu, jibu la salamu linatoka kabla ya habari. Halafu mtaalamu anakaa mezani anauliza "unaendeleaje", anapokea salamu, anaiandika kwenye faili kama matokeo ya uchunguzi. Mgonjwa hajadanganya na daktari hajadanganya, ila hakuna kilichopimwa pale. Na mama mtu au dada mtu amekaa pembeni hajaulizwa.

Vipimo vyenyewe karibu vyote vinasimama juu ya wazo moja, kwamba mtu peke yake hatoshi kuwa shahidi wa hali yake, unatafuta shahidi wa pili halafu unaangalia pengo. Lipo dodoso la Prigatano, la mwaka 1986, maswali 30, unaulizwa ni rahisi au ngumu kiasi gani kwako kupika chakula chako, kutunza hela, kukumbuka ulichokula jana usiku, kukumbuka majina ya watu unaowaona mara kwa mara, kuzuia hasira, kupokea lawama, kujua kwamba ulichosema kimemuumiza mtu. Unajipa alama 1 mpaka 5. Halafu ndugu anayeishi na wewe anajibu maswali yaleyale 30 juu yako, kwenye karatasi yake, HAMUONANI. Tofauti kati ya karatasi mbili ndo habari. Mgonjwa kajipa 140, dada kampa 85, hapo kuna la kuongea. Lipo lingine la Sherer na wenzake, 1998, maswali 17, lenyewe linauliza ukilinganisha na kabla ya ajali umekuaje, mbaya zaidi, sawa, au bora. Hilo nalipenda kwa watu wetu mana "kabla ya ajali" kila mtu anaielewa, na kuna karatasi ya mtaalamu pia, ya tatu.

Halafu kuna la maongezi, SADI, la Fleming na wenzake huko Australia, 1996. Hapa hakuna kujaza, unakaa na mtu unamwuliza mambo matatu: nini kimebadilika kwako tangu uumie, hicho kilichobadilika kinakuathiri vipi kwenye maisha, na miezi sita ijayo unajiona wapi. Kila moja unaipa alama 0 mpaka 3, sifuri ndo anajijua vizuri. Swali la tatu ndo linafichua wengi. Mtu anakubali vizuri kabisa kwamba anasahau, ukimwuliza mipango anakwambia mwezi ujao naanza kuendesha lori Dar mpaka Tunduma. Yani anajua neno lakini halijui uzito wake.

Kwenye kazi yangu nina mtindo wa korosho. Ile 1 mpaka 5 watu wengi inawachanganya, basi naweka korosho tano mezani. Kazi hii unaiweza kabisa, sogeza zote tano kwako. Huiwezi, acha zote kwangu. Dada naye anafanya vilevile chumba kingine. Hii ya korosho ni yangu mwenyewe haimo kwenye dodoso, na swali la kuendesha gari naligeuza la pikipiki, kwaiyo alama zangu siwezi kuzilinganisha na za huko zilikotungwa, nazitumia kama tochi, si kama rula. (Wengine wanazila katikati ya kipimo. Hilo nalo naliandika.)

Sasa uangalifu. Ndugu naye ana macho yake. Dada aliyechoka, aliyerushiwa kikombe, atampa kijana alama za chini hata kwenye anachokiweza. Na mama atampa za juu mana ni mwanae. Kwaiyo shahidi wa tatu ni kazi yenyewe. Kabla hajafanya kitu mwulize utaweza kiasi gani, andika. Afanye. Baada ya hapo mwulize umewezaje, andika. Usibishane naye, usicheke, usimwambie si nilikwambia. Crosson na wenzake mwaka 1989 waligawanya kujijua ngazi tatu: kuna anayejua kwa maneno tu kwamba ana tatizo, kuna anayeligundua likiwa linatokea, na kuna anayeliona kabla halijatokea akajipanga. Mdogo wako kwa maelezo yako hata ya kwanza hajaifika. Mteremko wa Mikindani unataka ya tatu.

Pikipiki msimpe kwa sasa. Na kliniki ijayo omba kuongea na daktari wewe peke yako dakika mbili, nenda na mifano iliyoandikwa ina tarehe, usiende na "dokta amebadilika".

Boda_Mstaafu_Masasi

Nimesoma mpaka mwisho mikono inatetemeka mana mi NILIKUA huyo mdogo wako.

Mi nimeanguka njia ya Newala 2017, gari ya mchanga. Nitawaambia upande wa ndani mana hao wataalamu wanaujua kwa nje. Upande wa ndani HAKUNA KITU. Hausikii umepungua. Sio kwamba najua nimesahau halafu naficha, hapana, lile jambo kwangu halikuwahi kutokea, sasa mke wangu anasema nilikwambia ulete unga mi naangalia kichwani mwangu hakuna maneno hayo, kuna wapi pa kuanzia kumwamini? Niliona kabisa wamekaa kikao nyuma yangu wanichezee. Nilihesabu nani na nani. Mamkwe nilimweka wa kwanza.

Mnajua mizani ya kupimia korosho, ile mizani ikichezewa au ikiharibika haikwambii nimeharibika. Inasoma kilo tu. Mshale unakwenda unasimama, inasoma kwa kujiamini kabisa. Utajuaje? Mpaka ulete jiwe la kilo unazozijua ulipime. Ukiiuliza mizani yenyewe itakwambia niko poa dokta namshukuru Mungu. Kichwa changu kilikua hivo, kilekile cha kujipimia ndo kilichoumia.

Mi kilichonishtua sio kelele za mke wangu, kelele zilinifanya nimchukie. Shemeji yangu mmoja mpole alinirekodi kwa simu, na ruhusa nilimpa mwenyewe nikijua nitawaumbua wote. Tulikua tunacheza bao. Nikaja kuangalia ile video, nikajiona nasimulia stori moja, ya samaki mkubwa wa Ruvuma, mara nne. Mara nne wazee wangu, kwa maneno yaleyale, na kila nikimaliza nacheka peke yangu, na wale wenzangu wanaangaliana kwa huruma. Ile huruma ndo ilinichoma.

Na hapa dada sikiliza vizuri, mana hakuna aliyeniambia. Siku ile nilijijua, na baada ya hapo nikalala ndani miezi miwili. Sikutaka kula, nilikua nasema bora ningekufa palepale. Yani kutojijua kulikua kunanitesea familia lakini mimi kulikua kunanilinda. Kwaiyo usikimbilie kumfungua macho mtoto wa watu halafu ukamwacha peke yake na alichokiona. Siku akijua, uwepo. Na kisu na dawa za shamba viondoe nyumbani, nasema kwa uzoefu.

Utengamao_Kusini

Boda Mstaafu nimekusoma mara mbili. Hilo la mwisho nilitakiwa niliandike mimi nikalisahau. Ni kweli, kujijua kukipanda huzuni nayo hupanda, inabidi daktari ajue hilo mapema, na akianza kusema maneno ya kufa dada usisubiri tarehe ya kliniki.

Mzee_wa_Salfa

Nimewasikia. Mama Somoe marahaba. Ila mniruhusu mzee wenu niulize, mana naona mtego hapa. Mtu akisema mi mgonjwa, basi ni mgonjwa. Akisema mi mzima, mnasema ndo kabisaa, ni mgonjwa na hajijui. Sasa huyo aliye mzima kweli atasemaje ili mumwachie? Hizo ni kesi za kijijini zile, ukikana uchawi ndo mchawi zaidi.

Utengamao_Kusini

Mzee hilo swali nimewahi kuulizwa na mgonjwa na sikuwa na jibu siku hiyo, nililala nalo.

Ndo mana maneno peke yake hayatoshi, ya kwake wala ya ndugu. Akisema naweza, mpe afanye. Akiweza, yeye ndo yuko sahihi na dada yake ndo kakosea, na karatasi ya dada ndo inayorekebishwa. Kipimo kisicho na mlango wa mtu kutokea ni hukumu. Halafu kuna wanaokataa kwa sababu nyingine kabisa: wengine wanajua vizuri tu ila wanaogopa, mana akikubali atanyang'anywa pikipiki, mke, sauti yake nyumbani. Huyo anajua na anaficha, na dalili yake ukimwonyesha ushahidi anakasirika sana au anaondoka kabla hujamaliza. Asiyejua kabisa ukimwonyesha mara nyingi anashangaa tu, au anatulia kama umemwambia habari za mtu mwingine. Mara nyingine vimechanganyika ndani ya mtu mmoja na mi mwenyewe nashindwa kutenganisha. Na kuna wa tatu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia vizuri kilichompata. Karudi kutoka Dar na bahasha ya picha juu ya kabati, hakuna aliyemfungulia akamweleza hapa ndo palipoumia na kazi yake ilikua hii. Dada, huyu kijana ameelezwa?

DadaWaChikongola

Hapana. Nimesoma hilo swali nikajikuta najibu kwa sauti peke yangu, hapana. Bahasha iko juu ya kabati kama ulivyosema, utadhani umeingia kwetu. Tulikua tunaongea na madaktari sisi, yeye tunamwambia we pumzika.

Nimechelewa kurudi mana nilikua nafanya mlichoniambia. Nimenunua daftari la kurasa 48. Jumapili ya kwanza nikamwambia nataka uende soko kuu, vitu vitano: vitunguu, chumvi, ndimu, dagaa, kiberiti. Nimempa elfu kumi. Nikamwuliza, utaleta vingapi na utatumia muda gani? Akanicheka, vyote vitano, nusu saa, we unanionaje. Nikaandika. Karudi baada ya saa moja na dakika ishirini, vitu vitatu, chenji haieleweki. Nikauma ulimi, Mungu shahidi. Nikamwuliza imekuaje, akasema vizuri, viberiti hakuna soko zima. Kiberiti, Mtwara nzima. Nikaandika hivohivo.

Jumapili ya pili vitu vingine vitano. Akasema vyote vitano. Vikaja vitatu. Ila safari hii akalitazama daftari lenyewe kabla hajanijibu, akauliza wiki iliyopita vilikua vingapi? Nikamwonyesha maandishi. Akasema hm. Hiyo hm sijui ilikua ya nini.

Sasa na mimi nijisute hapahapa. Ile ya korosho tulifanya, mi chumbani na yeye sebuleni na binti wa jirani ndo mhesabuji. Kwenye kupika mi nilimwachia korosho moja, yeye kajipa tano. Nikasema haya twende kwenye kazi, mana Mzee wa Salfa alishaniweka roho juu na ule mtego wake. Nimempa changu wabichi, nikakaa kwenye kigoda mbali. Kaparua magamba, kakata, kapaka chumvi na ndimu, kawasha mkaa, kakaanga bila kuunguza hata mmoja, kazima jiko. Samaki wazuri kuliko wangu. Moto kauzima MWENYEWE. Miezi saba nimekua namfukuza jikoni kama mtoto. Basi tano zake zilikua halali na moja yangu ilikua hasira zangu za kile kikombe.

Kwenye hasira yeye kajipa tano, mi mbili, mama tatu. Hapo bado.

Somoe_wa_Mtanda

Hiyo hm dada usiidharau. Mama yangu alianza na hm.

Utengamao_Kusini

Mpikishe, kila siku. Anachokiweza kimpe heshima nyumbani, ndo kitambeba siku akiona asichokiweza. Na sokoni sasa mwache aamue mwenyewe atafanyaje vitimie vitano, usimpe karatasi ya orodha mpaka aiombe. Kuhusu bahasha, tafuteni siku mkae naye, yeye katikati, aelezwe polepole, vipande vidogo, si yote siku moja. Mkija kliniki daftari abebe yeye.

Boda_Mstaafu_Masasi

Mi sikurudi kwenye boda. Nina genge la matunda stendi, chenji anahesabu mwanangu. Mwambie kama anataka kuongea na mtu aliyeanguka kama yeye nipo, ila asije kwa kulazimishwa na nyie.

Mzee_wa_Salfa

Hao changu mlinunua shilingi ngapi fungu? Huku kwetu samaki amekua dhahabu.

DadaWaChikongola

Mzee elfu saba wa kati watatu, siku ya bamvua walikua wengi.

Jumapili ya leo ndo ya tatu. Kabla sijauliza kalichukua daftari kaandika mwenyewe, 4. Nikamwuliza kwanini nne, akasema kimoja huwa kinakimbia. Kaleta vinne kweli. Kilichokimbia ni chumvi, kaenda kukopa kwa jirani kabla sijasema kitu.

Bahasha tumeifungua jana usiku, mimi yeye na baba. Baba ndo aliyelia. Yeye aliishika ile picha akaigeuza kwenye taa, akauliza hiki cheusi ndo mimi? Tukasema hapo ndo palipokua na damu. Akasema basi nimeona, akaenda kulala, asubuhi kaamka kachemsha chai kama kawaida. Nimemhamishia kitanda chumba cha karibu na changu na dawa za mikorosho ziko kwa mjomba Nanyamba.

Pikipiki bado anaidai. Ufunguo nao uko Nanyamba.